Sahani Yenye Mfuniko

Asubuhi nyumbani kwa Baba Amuri, mjini Kasongo, huanza kwa ndoo za maji. Binti yake Hawa na wadogo zake wawili huoga maji ya baridi, na kila wanapojimwagia hupiga kelele ambazo majirani wamekwisha kuzizoea. Mwaka ule ndoo ya Émérance pekee ndiyo ilikuwa na maji ya moto. Kando yake kulitundikwa taulo safi, na juu ya jiwe kuliwekwa sabuni mpya ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Émérance alioga kimya, akavaa shati jeupe na sketi ya buluu, akaketi kitini karibu na mlango kumsubiri Hawa.

Kumsubiri Hawa kulitaka uvumilivu. Kama si soksi iliyopotea, ni kalamu. Na kama si kalamu, ni daftari la hesabu lililokutwa chini ya kuku anayeatamia. Mama yake, Mama Djamila, alimgombeza huku akifagia uwanja, na Hawa alikuwa na jibu kwa kila neno. Émérance aliwatazama tu. Siku moja alisimama akanyoosha mkono apokee ufagio, lakini Mama Djamila aliuficha nyuma ya mgongo. Akamwambia kwa upole kwamba yeye alikuja kusoma, arudi kukaa asije akachafua sare.

Halafu, kila asubuhi, Mama Djamila aliuliza swali lile lile.

"Umeamuka je, mama?"

"Muzuri, Mama."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nina ugomvi kidogo na salamu zetu hizi. Zina heshima na zinapendeza, lakini jibu lake linajulikana hata kabla swali halijamalizika. Mtu aliyevunjika mguu atakujibu kwanza kwamba ni muzuri, ndipo aombe kubebwa. Émérance alikuwa amejibu "muzuri" tangu Septemba. Sasa ilikuwa Novemba, mvua zilikuwa zimekwisha kuharibu barabara, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mara ya pili.

Émérance alitoka Wamaza, upande wa Kabambare. Baba yake, Placide, hulima mpunga na karanga. Baba Amuri ni mfanyabiashara, na kila msimu wa mavuno husafiri kwa pikipiki hadi Wamaza kununua mpunga, na akifika hulala nyumbani kwa Placide. Wanaume hao wawili, mmoja Muislamu wa mjini na mwenzake Mkristo wa shamba, walikuwa marafiki tangu kabla watoto wao hawajazaliwa. Kwa hiyo Émérance alipokuwa wa kwanza katika darasa la sita, Baba Amuri hakungoja kuombwa. Alisema mtoto aje Kasongo, aanze darasa la saba pamoja na Hawa katika shule ya sekondari yenye mwalimu kwa kila somo. Placide alifurahi hata akachinja bata.

Mama yake, Mama Cécilia, alifurahi kidogo na kuogopa sana. Siku ya safari alimfunga binti yake kitenge mabegani, kwa sababu ya baridi ya pikipiki, akamuusia. Nyumba ya watu ni ya watu, alisema. Asiombe kitu. Asilalamike. Ale atakachopewa. Wakimuuliza hali yake, ajibu kwamba yuko muzuri, asije akawaaibisha wazazi. Émérance aliahidi, na alikuwa mtoto wa kutimiza ahadi. Kwa kawaida hiyo ni sifa njema, ila safari hii nusura imharibie masomo yake yote.

Kule Wamaza alikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Jean-Marie, aliyefundisha kila kitu kuanzia hesabu hadi nyimbo. Mwalimu huyo alimjua kiasi kwamba, akimwona anatikisa goti chini ya dawati, alijua kuwa jibu analo. Kasongo kengele ililia, mwalimu mmoja akatoka, mwingine akaingia na chaki yake na somo lake. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayewajua watoto. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho, na Kifaransa cha Émérance kilikuwa cha kusoma ubaoni, hakikuwa cha kujibu upesi.

Wiki ya pili alijibu swali, akalitamka neno moja kama wanavyolitamka Wamaza. Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Darasa la saba hucheka hata mlango ukijifunga. Lakini baada ya hapo hakunyoosha mkono tena. Mtihani wa kwanza wa hesabu ulipokuja alipata alama mbaya kuliko zote alizowahi kupata maishani. Mwalimu wa hesabu, Bwana Aristote, aliitazama karatasi, akamtazama mwenyewe, akasema kwamba alikuwa amesikia huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza Wamaza, basi labda alikuwa akisoma peke yake. Darasa likacheka tena.

Émérance alirudi kukaa akingoja aibu imshike. Haikuja. Alingoja machozi, nayo hayakuja. Ndani yake hakukuwa na kitu chochote, na hilo ndilo lililomshangaza. Mnajua mtu akiukalia mguu wake muda mrefu, mguu unavyokufa ganzi, akiugusa anaona kama anaugusa wa mtu mwingine. Moyo wa Émérance ulikuwa hivyo. Aliamka, alikwenda shule, alirudi, alilala, na yote hayo yalikuwa kama yanafanywa na msichana mwingine aliyevaa sare yake.

Kama angelia, watu wangeona. Mtoto anayelia hupata watu wa kumbembeleza. Lakini hakulia, hakugomba, hakuchelewa, na sahani yake haikurudi na chakula kingi, maana aliahidi kula. Kwa hiyo watu walimsifu. Mama Djamila aliwaambia majirani kwamba amepata mtoto mtulivu, na akamtaka Hawa aige mfano.

Na hapo kwenye sahani ndipo penye kisa chetu.

Mchana, watoto wakisharudi shuleni, Mama Djamila hutandika mkeka barazani na kuweka katikati sinia kubwa la wali, na juu yake samaki, maharage au sombe ya majani ya muhogo. Yeye na watoto wake hunawa, wakalizunguka sinia na kula kwa mkono, kila mtu na upande wake, ingawa Hawa huwa hauoni vizuri mpaka wa upande wake hasa penye samaki. Émérance hakuketi hapo. Yeye aliwekewa meza ndogo kando, kijiko, na sahani yenye maua mekundu iliyofunikwa kwa mfuniko wake. Chini ya mfuniko alikuta kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote.

Mama Djamila alifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Katika nyumba yao, tangu kwa bibi zake, mgeni wa heshima hupewa sahani yenye mfuniko. Tena huyu alikuwa mtoto wa Kikristo, binti wa rafiki wa mumewe. Nani ajuaye kama angependa kuchovya mkono katika sinia moja na watu asiowazoea? Aliwaonya watoto wake wasimsumbue mgeni. Hawa, ambaye humsumbua hata mbuzi wa jirani, alitii onyo hilo kuliko onyo lolote alilowahi kupewa. Akawa anatembea na Émérance hadi shuleni bila kumtania hata mara moja.

Lakini kwao Émérance, watu wa nyumba moja hula pamoja, na sahani hutengwa kando kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni ugonjwa. Kaka yake Michel alipopata surua alilishwa peke yake nyuma ya nyumba mpaka vipele vilipokauka. Ya pili ni ugomvi. Mjomba wake alipokosana na babu, chakula chake kilianza kuwekwa kando, na hakuna aliyemwambia neno lingine. Baada ya muda mjomba alifungasha vitu vyake akahama, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umemfikia.

Siku ya kwanza Émérance alipowekewa sahani yake, alijitazama mikono kuona kama ina vipele. Haikuwa na kitu. Akajiuliza ni kosa gani alilofanya, na hakulipata, naye hakuuliza kwa sababu alikatazwa kulalamika. Kila mchana aliufungua mfuniko ule na kula wali usio na ladha, huku nyuma yake wenzake wakigombania samaki. Hawakumtaka, ndivyo alivyoelewa, ila walikuwa na adabu mno kusema.

Mwishoni mwa Oktoba Mama Djamila aligundua kwamba sketi ya Émérance inashuka kiunoni. Akampeleka kituo cha afya kupima malaria, maana kwetu mtoto akikonda, akinyamaza au akipiga chafya, kwanza ni malaria. Damu ilikuwa safi. Mama Djamila alishukuru Mungu, akaongeza samaki chini ya mfuniko, na Émérance akabaki na sababu moja tu ya sahani ile. Kama si ugonjwa, basi ni hiyo nyingine.

Wiki iliyofuata alimwona Glody sokoni. Glody ndiye dereva wa pikipiki aliyemleta kutoka Wamaza, na alikuwa amekuja na magunia ya karanga. Alimsalimia kwa furaha, akamwuliza kama masomo yanakwenda. Émérance alijibu kwamba masomo yamekwisha. Akamwambia anataka kurudi nyumbani, na kwamba baba yake anajua, na huo ulikuwa uongo wa kwanza aliousema tangu afike Kasongo. Glody alikuwa na haraka, hakuchunguza. Alisema atatoka Jumamosi asubuhi, amngoje pale penye pikipiki, aje na begi dogo.

Basi safari ikapangwa. Émérance hakufurahi wala hakuhuzunika. Alijua kwamba akirudi hatapata nafasi nyingine. Baba yake, aliyekwisha kuuza mbuzi mmoja kwa ajili ya sare, hatauza mwingine, na yeye atalima karanga na kuwasikia wasichana wengine wakisema Kifaransa. Zamani wazo hilo lingemtoa usingizini. Sasa alilitazama kama linamhusu mtu wa mbali.

Lakini alikuwa na kitabu cha shule. Shule ilikuwa imewaazima wanafunzi vitabu vya kusomea Kifaransa, virudishwe mwezi wa sita, na Émérance hakuwa mwizi. Alhamisi, saa ya mapumziko, alikifuta kwa kitambaa, akakipeleka kwa mwalimu wa darasa lake, Madame Olga, akasema asante na kuondoka. Madame Olga alibaki na kitabu mkononi. Katika miaka yake yote ya kufundisha alikuwa ameomba vitabu, amefuatilia vitabu na kugombana kwa ajili ya vitabu, lakini hakuna mtoto aliyewahi kumletea kimoja mwezi wa Novemba kwa hiari yake. Akakifungua, akakifunga. Mtoto anayerudisha kitabu kabla ya wakati hana mpango wa kukisoma kesho.

Ijumaa mchana Madame Olga alipiga hodi kwa Baba Amuri.

Mama Djamila alipoona ni mwalimu, alikimbia huku na huko akitafuta kiti cha maana. Chakula kilikuwa kimeiva, na katika nyumba ile mtu hawezi kuukuta wali ukipakuliwa akaondoka bila kuula. Sinia likawekwa mkekani. Meza ndogo ikavutwa mbele, na juu yake zikawekwa sahani mbili zilizofunikwa, moja ya Madame Olga na moja ya Émérance. Wakaketi wakitazamana.

Madame Olga aliutazama mfuniko wake, akautazama wa pili.

"Kumbe leo tuko wageni wawili," alisema. "Mimi nimefika sasa hivi. Wewe ulifika lini, Émérance?"

"Mu mwezi wa tisa, Madame."

"Na mupaka leo ungali mugeni."

Mama Djamila alidhani anasifiwa. Akaeleza, akiwa mkekani, jinsi anavyomtunza mtoto wa watu: hajapata kumtuma maji, hajapata kumpa mchi atwange sombe, hata ufagio hajaushika tangu aingie. Hawa alisikiliza orodha hiyo kwa wivu ulioonekana wazi usoni. Madame Olga alimshukuru Mama Djamila, kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Uko je, Émérance?"

"Niko muzuri, Madame."

Madame Olga aliweka kijiko chini. "Sawa, ile ilikuwa salamu. Sasa nauliza. Uko je?"

Émérance alitazama mfuniko, uliokuwa na matone ya mvuke pembeni. Alitafuta jibu ambalo mama yake alimfundisha, lakini alikuwa amekwisha kulitumia, na mama yake hakuwa amemfundisha jibu la swali la pili.

"Sijui, Madame," alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasoma ubaoni. "Sisikii kitu. Chakula haina ladha. Mu klase wakinicheka, sisikii haya. Nikifikiri mama yangu, sisikii kitu. Kwetu mutu anakula peke yake kama iko mugonjwa, ao kama nyumba imemukatala. Walinipima, malaria hakuna. Basi nikajua ni ile ingine. Kesho naenda na Glody, Wamaza."

Mama Djamila alikuwa ameinua tonge la wali. Mkono wake ulibaki hapo hapo, katikati ya sinia na mdomo. Aliitazama sahani ya maua mekundu, sahani aliyoinunua kwa ajili ya wageni na ambayo kwa miezi yote hiyo aliiosha kwa mkono wake mwenyewe asije mtoto akaipasua. Uso wake ukabadilika, na machozi yakamtoka yeye wa kwanza.

Hakujitetea. Aliinuka, akaichukua ile sahani, akaondoa mfuniko, akaimwaga yote juu ya sinia, wali, maharage na kile kipande kikubwa cha samaki.

"Hawa, sogea," alisema.

Hawa akasogea. Émérance aliinuka kwenye kiti, akanawa, akaketi mkekani katika nafasi iliyobaki kati ya Hawa na ukuta. Madame Olga naye aliitazama sahani yake, akaona si adabu kubaki mgeni peke yake, akaja nayo akaimwaga pia. Sinia likawa mlima. Mdogo wa mwisho wa Hawa akauliza kama kesho pia mwalimu atakuja.

Émérance alitia mkono mara ya kwanza, na kabla tonge halijafika mdomoni akaanza kulia. Mguu uliokufa ganzi, damu ikirudi, ndipo unapouma. Unachomachoma kiasi kwamba mtu anatamani ganzi irudi. Alilia kwa ajili ya kicheko cha darasani, kwa ajili ya Bwana Aristote, kwa ajili ya mama yake na kile kitenge cha mabegani. Mama Djamila alitaka kumnyamazisha. Madame Olga akamzuia kwa mkono, akasema amwache, maana hayo machozi yamechelewa.

Alipotulia, Madame Olga aliongea bila haraka. Alisema yeye mwenyewe ni mtoto wa Kabambare, na kwamba alipokwenda Kindu kusoma ualimu, akiwa mtu mzima tayari, alikaa miezi mingi bila kusikia ladha ya chakula wala hamu ya kufungua mlango. Alidhani amekuwa mvivu. Hakumwambia mtu. Mwenzake wa chumba ndiye aliyemwona na kumpeleka kwa mtu wa kumsikiliza.

"Mutu akihama masomo, si mwili tu unahama," alisema. "Mwili unapanda pikipiki, unafika siku ile ile. Moyo unakuja pole pole, na saa ingine unaugua mu njia. Huo ni ugonjwa sawa malaria, ila hauonekane mu damu. Unaonekana kama mutu anasema. Wewe hukukosa kitu, Émérance. Kosa ilikuwa kunyamaza, na hiyo ulifundishwa na watu wanaokupenda. Na siye wakubwa, kosa letu ni kuuliza mara moja tu."

Hakumdanganya kwamba yatakwisha kesho. Alimwambia kuwa wiki zijazo huenda ganzi ikarudi, na ikirudi amwambie yeye au Mama Djamila siku hiyo hiyo. Isipokwisha, watakwenda pamoja kituo cha afya kumweleza muuguzi, bila aibu, kama watu wanavyokwenda kwa ajili ya homa. Kisha akatoa kitabu cha Kifaransa mkobani, akakiweka juu ya mkeka mbali na mchuzi, akasema hajui kilifikaje kwake, na mwenye nacho akichukue.

Émérance alikitazama muda mrefu, huku nyumba nzima ikingoja. Akafuta vidole vyake kwenye sketi, akakichukua.

Baba Amuri aliporudi kutoka dukani na kusikia habari, alipiga simu Wamaza mara nyingi hadi mtandao ukakubali. Placide aliitika kwa sauti kubwa, kama watu wanaodhani simu inahitaji msaada. Mama Cécilia alipopewa simu aliuliza kwanza kama binti yake yuko muzuri.

"Hapana, Mama," Émérance alijibu. "Lakini nitakuwa."

Mama Cécilia akamwambia kwamba yale maneno ya siku ya safari ayaache. Aseme kila kitu, awalilie watu wa Kasongo kama alivyokuwa akiwalilia wao. Jumamosi Glody aliondoka na magunia matupu. Kabla ya hapo Baba Amuri alimgombeza vya kutosha kwa kutaka kubeba mtoto bila kuuliza mkubwa.

Shuleni Madame Olga alizungumza na walimu wenzake, na sijui alimwambia nini Bwana Aristote, lakini tangu siku hiyo mwalimu huyo aliacha kutania mahali watoto wanakotoka. Kila Jumatano baada ya masomo, Madame alikaa barazani na wanafunzi waliotoka mbali, wengine Lusangi, wengine Kabambare mjini, waulize kwa Kiswahili chochote walichokikosa kwa Kifaransa. Mara nyingi waliuliza hesabu. Mara nyingine waliuliza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote, kama vile mtu afanye nini akiota nyumbani kila siku. Kumbe walikuwa wengi wenye "muzuri" za uongo.

Émérance hakupona siku moja. Kulikuwa na asubuhi ambazo aliamka tena bila kusikia kitu, akamwambia Mama Djamila, naye Mama Djamila hakuhubiri, alimpa tu mchi watwange sombe pamoja. Ufagio alipewa, na maji ya kuchota, na ndoo yake ikawa ya maji ya baridi. Alipojimwagia mara ya kwanza alipiga kelele hata Hawa akacheka. Alama zake zilipanda kidogo kidogo. Hawa alianza kumtania, akalipa deni la miezi yote ya adabu, na wakaanza kuchelewa shule wote wawili.

Siku moja mwezi wa pili, wakiwa wamelizunguka sinia, Émérance alionja sombe, akatulia, akaonja tena.

"Mama," alisema, "chumvi imepita."

Mikono yote ilisimama. Hakuna mgeni aliyewahi kusema neno kama hilo katika nyumba ile tangu ijengwe. Hawa alimtazama mama yake akingoja radi. Mama Djamila alichovya kidole, akalamba, akakunja uso, maana chumvi ilikuwa imezidi kweli kweli. Kisha akaegemea ukuta akacheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Sasa ndiyo najua unapona," alisema. "Miye mutu akiniambia kila siku kila kitu iko muzuri, kuanzia leo nitaogopa. Musikie wote, na Hawa pia: mu nyumba hii, kama kitu haiko muzuri, kisemwe. Kama ni chumvi, kisemwe. Kama ni moyo, kisemwe mbele ya chumvi."

Akamsukumia Émérance kipande cha samaki, na kumwambia kwamba kesho sombe atapika yeye.

Kesho yake Émérance aliipika, na Hawa akasema haina chumvi hata kidogo.